Mume wa Mtanzania naye apewe njia ya uraia

Familia yetu hapa Tanga ina ndoa mbili zilizovuka mpaka. Kaka yangu alioa Vanga, upande wa Kenya, na miaka michache baadaye mimi nikaolewa na binamu wa wifi yangu huyo, kijana wa mtaa uleule. Shehe aliyetuozesha ni mmoja, posa zilipokewa na wazee walewale, na ndoa zote mbili zimeandikishwa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wifi yangu leo ni Mtanzania mwenye kitambulisho cha taifa na kadi ya mpiga kura. Mume wangu ni mgeni, na ndoa yake na mimi haimsogezi hata hatua moja karibu na uraia.

Tofauti hiyo haikuletwa na tabia ya mtu wala uzembe wa ofisi yoyote. Imeandikwa. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia wa Tanzania ya mwaka 1995 kinampa mwanamke aliyeolewa na raia haki ya kuomba uraia wa tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Kinamtaja mwanamke peke yake. Mwanamume aliyeoa raia hana kifungu chake. Akitaka uraia anapanga foleni moja na kila mgeni mwingine, awe mwekezaji, mhandisi au mfanyabiashara: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, aonyeshe mchango wake kwa taifa na nia ya kuendelea kuishi hapa. Akishatimiza yote, Waziri anaweza kukubali au kukataa bila kulazimika kutoa sababu, na uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani.

Sina ugomvi na masharti hayo kwa mtu aliyekuja kutafuta maisha. Nchi ina haki ya kumchunguza anayeomba kuwa mwana wake. Swali langu ni kwa nini mume wa raia ahesabiwe kama mtu asiye na mtu hapa, wakati mke wa raia anahesabiwa kuwa ana kwao.

Naijua njia aliyopita wifi kwa sababu nilimsindikiza. Alijaza fomu, akaambatisha cheti cha ndoa, cheti chake cha kuzaliwa na cha kaka, na barua ya serikali ya mtaa. Aliitwa akahojiwa. Palikuwa na kusubiri na kurudishwa kwa karatasi ambazo hazikukamilika, lakini muda wote alijua anadai kitu ambacho sheria imesema ni chake. Kilichomuuma ni kuukana uraia wa Kenya, maana Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Mama yake aliye Vanga alimwambia, "Mwanangu, karatasi haibadili kaburi la babu yako." Wifi akala kiapo cha utii, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza tena anaishi Tanga kwa kibali gani.

Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Kuanzia Moa hadi Kigombe wavuvi wanamjua, na usiku wa bamvua simu yake hailali. Alipokuja Tanga aliajiriwa na karakana moja iliyomwombea vibali viwili, cha kazi na cha ukaazi. Wasiowahi kuishi na vibali hivi hawajui jinsi vinavyofanya kazi. Kibali cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24 kwa mara moja, na kimefungwa kwa mwajiri. Mwajiri akifunga biashara, kibali kinakufa naye. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Karakana ilifungwa, mwenye mali akaondoka, na mume wangu akalazimika kurudi Vanga kwa mama yake mpaka apatikane mwajiri mwingine aliye tayari kuanza maombi upya. Mimi nilibaki Tanga na watoto na darasa langu. Ni mwalimu wa sekondari, siwezi kufunga kitabu katikati ya muhula nikamfuata mtu.

Tazama sasa hesabu ya uraia inavyokwenda. Muda aliokaa Vanga hauingii katika ile miaka 7. Tena umekata mfululizo wa miezi 12. Mtu aliyetenganishwa na mkewe kwa kukosa kibali anaadhibiwa mara ya pili kwa kutokuwepo. Kwa mke wa raia mambo hayako hivyo: kifungu cha 11 kinamtaka awe na ndoa na mume aliye hai, hakimpimi kwa miaka.

Kuna jambo jingine ambalo wanasheria wetu wangepaswa kulisema kwa sauti. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 63, inamwajibisha kila mume kumtunza mkewe kwa malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Haisemi mume raia. Inasema kila mume. Kwa hiyo mume wangu anawajibika mbele ya sheria kunilisha, na papo hapo sheria nyingine inamwambia asiguse kazi mpaka apate mwajiri, ada na vibali. Mimi sina shida ya kula mshahara wangu. Shida yangu ni kwamba mwanamume mwenye mikono na ujuzi anakaa barazani kwa lazima, watoto wakimtazama, na mtaa ukimtungia majina.

Aliporudi Tanga tulijaribu kujitegemea. Nilifungua duka dogo la vipuri vya mashine za boti: plagi, mikanda, propela, mafuta ya injini. Leseni ni yangu, namba ya mlipakodi ni yangu, na fremu nimekodi kwa jina langu. Jioni nikitoka shule nilikuwa nakaa mwenyewe, na asubuhi mume wangu akinishikia. Ilipofika Julai 2025 Serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwemo uuzaji wa bidhaa kwa jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya kielektroniki, saluni, kuongoza watalii, uchimbaji mdogo wa madini na viwanda vidogo. Anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali chake. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3.

Naielewa sababu ya amri ile na naiunga mkono. Wachuuzi wa Kariakoo walilia kwa miaka wakiona wageni waliokuja na mitaji mikubwa wakiuza soksi na vijiko vya rejareja mlangoni pao. Mama mwenye duka dogo hawezi kushindana na mtu aliyetoa bidhaa moja kwa moja kiwandani kwao. Lakini amri inampima mtu kwa uraia wake, na uraia kwa mume wangu umefungiwa mlango na sheria nyingine. Je, mume anayemshikia mkewe duka asubuhi ni mgeni anayefanya biashara ya rejareja? Na mimi mwenye leseni, ni raia ninayemsaidia mgeni kuvunja sheria, au ni mke mwenye mume? Wakili niliyemwendea alinishauri nisisubiri kulisikia jibu mahakamani. Siku hizi asubuhi anakaa kijana tunayemlipa, na mume wangu hapiti hata mbele ya fremu. Wifi yangu, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa mume wangu, ana genge lake la nazi na viungo hapo hapo sokoni na hakuna wa kumgusa.

Wengi nikizungumza nao huniambia huu ni utamaduni wetu: mke humfuata mume, kwa hiyo mwanamke wa kigeni akiolewa hapa anakuwa wa hapa, na binti wa hapa akiolewa nje amekwenda. Mimi ni Mdigo, na wazee wangu wa zamani walihesabu ukoo na urithi kwa upande wa mama, kwa fuko. Mjomba ndiye alikuwa mwenye sauti kwa mtoto. Wamakonde na Wamwera kusini nao wana historia ya kuhesabu kwa mama, na Waluguru wa Morogoro mpaka leo wapo wanaorithisha ardhi kwa njia hiyo. Utamaduni wa Tanzania kwa hiyo si mmoja, na sheria hii haikuchotwa humo.

Ilichotwa London. Sheria ya Uraia ya Uingereza ya mwaka 1948 ilimpa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa huko haki ya kuandikishwa, na haikumpa haki hiyo mwanamume wa kigeni aliyeoa raia. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilirithi kanuni hiyo, Kenya nayo mwaka 1963. Waingereza wenyewe waliiacha: sheria yao ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika Januari 1983, ilimweka mume na mke kwenye masharti sawa. Bunge letu lilipotunga sheria mpya mwaka 1995, miaka 12 baada ya wenye kanuni kuitupa, likaiandika tena.

Hata mpaka wenyewe unaomfanya mume wangu kuwa mgeni si kazi ya wazee wetu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari wa kuanzia mlango wa Mto Umba hadi Ziwa Jipe na kuzunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini. Wadigo, Wasegeju na Wavumba wakajikuta pande zote mbili. Siombi mpaka ufutwe. Nimefundisha watoto wimbo wa taifa miaka mingi na ninaipenda nchi hii kwa mipaka yake. Lakini watu wa Horohoro, Holili, Namanga, Sirari, Mutukula na Kigoma wataendelea kuoana na majirani zao, kwa kuwa wanauziana samaki na kuzikana, na sheria inayowahusu iandikwe na mtu anayejua kwamba wapo.

Twende Kenya basi, kwa wakwe zangu. Katiba yao ya zamani ilikuwa na kasoro hiihii. Katiba ya mwaka 2010 ikaifuta. Ibara ya 15 inasema mtu aliyekuwa katika ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki, akiomba, kuandikishwa kuwa raia. Imesema mtu. Sheria yao ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ikaweka masharti: ndoa iwe ya aina inayotambuliwa na sheria ya Kenya, iwe bado ipo wakati wa kuomba, isiwe imefungwa kwa ajili ya kutafuta karatasi, na mwombaji asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi. Kabla ya kufika hapo, mwenzi aliyetimiza miaka 3 ya ndoa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo imetumia lugha ya mtu aliye katika ndoa na raia, bila kubagua mume na mke.

Maana yake, ndoa yangu hii hii, kwa cheti hiki hiki kilichotolewa Tanga, inanipa mimi haki ya kuomba uraia wa Kenya, na haimpi mume wangu haki ya kuomba wa Tanzania. Mama mkwe ananiambia kila Idi: njoo tu mwanangu, huku kuna shule na walimu hawatoshi. Sitaki kwenda. Nimesomeshwa kwa kodi za wakulima wa mkonge na chai wa mkoa huu na deni hilo nalilipa darasani. Lakini ninawajua wanawake waliokwenda, wauguzi na walimu wenye ujuzi, waliochoka kusindikiza waume zao kwenye madirisha ya vibali. Sheria iliyokusudiwa kuzuia wageni inawatoa raia.

Hoja nzito zaidi wanayonipa watu ni ya ndoa za bandia. Mwanamume wa kigeni, wanasema, atamlaghai binti wa watu, apate uraia, anunue ardhi, kisha amtelekeze. Siipuuzi hofu hiyo. Mtu asiye raia hapewi ardhi hapa isipokuwa kwa uwekezaji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kwa hiyo uraia una thamani kubwa na walaghai wapo. Ila dawa yake ni muda na uchunguzi, kama Wakenya walivyofanya. Ndoa ya bandia haidumu miaka 7 na watoto na kuuguzana. Tena hofu hiyo ikiwa ya kweli inamhusu na mwanamke pia, kwa kuwa hata mwanamume wa Kitanzania huweza kulaghaiwa, na kwa sheria ya sasa mwanamke anaweza kuomba bila kusubiri hata mwaka. Mimi ningekubali wote wasubiri: mke na mume, miaka 5 ya kuishi pamoja, uchunguzi mmoja. Wifi yangu hakubaliani nami katika hili. Anasema haki ya wanawake isipunguzwe ili wanaume waongezewe. Tumelijadili mara nyingi jikoni, na bado naona kipindi cha kusubiri kinachowahusu wote ndicho kitakachowatuliza wenye hofu.

Wapo pia wanaosema waume wa kigeni wakifunguliwa mlango watatuzidi. Nchi hii mwaka 2014 iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi zaidi ya 160,000, watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na watoto na wajukuu wao waliozaliwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Dunia ilitusifu kwa hilo na tulistahili. Taifa lenye moyo huo haliwezi kuogopa waume wa mabinti zake.

Katiba yetu nayo iko wazi. Ibara ya 13 inakataza sheria yoyote kuweka sharti la ubaguzi, na jinsia imetajwa humo. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985, na ibara yake ya 9 inahusu uraia. Wenzetu wameshaamua kesi za namna hii. Botswana, mwanasheria Unity Dow aliyeolewa na Mmarekani aliishtaki serikali kwa sababu watoto wake waliozaliwa humo nchini walinyimwa uraia, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikampa ushindi. Zimbabwe, katika kesi ya Rattigan ya mwaka 1994, Mahakama ya Juu ilisema kumnyima mume wa kigeni ruhusa ya kuishi nchini ni kumnyima mke raia uhuru wake wa kuishi popote katika nchi yake. Hoja ile ya majaji wa Harare ndiyo yangu. Haki ninayoidai ni yangu mimi niliye raia. Kaka yangu kwa kuwa Mtanzania anaweza kujenga nyumba na mwenzi wake hapa bila hofu. Mimi ni Mtanzania kama yeye, tumezaliwa na mama mmoja katika hospitali moja.

Na kifungu hicho cha 11 hakimlindi hata mwanamke kama watu wanavyodhani. Maneno ya mume akiwa hai yana uzito wake. Kabla wifi hajaomba, kaka alilazwa kwa ugonjwa wa moyo, na katika zile siku za kumsubiri daktari ndipo mzee mmoja wa ukoo akauliza: Mwenyezi Mungu akimchukua, huyu binti na watoto wake watakuwa nani hapa? Jibu lilikuwa kwamba haki yake ingezikwa pamoja na mumewe. Mjane wa kigeni aliyekaa miaka 20, aliyelea watoto Watanzania na kumuuguza raia mpaka mwisho, anarudi kuwa mgeni siku ya msiba. Kaka alipona, alhamdulillahi, na wifi akaanza kujaza fomu mwezi huohuo. Kenya wameweka kifungu maalumu kwa wajane, wanawake kwa wanaume. Sisi tunakihitaji pia.

Watoto wangu, namshukuru Mungu, hawana tatizo hili, kwa kuwa sheria yetu inawatambua kwa mzazi yeyote aliye raia, baba au mama. Nalisema kwa sababu linaonyesha kwamba Bunge lilipotaka kumhesabu mama sawa na baba liliweza. Kilichobaki ni kumhesabu mke sawa na mume.

Waheshimiwa wabunge, na hasa ninyi wa majimbo ya mipakani ambao wapiga kura wenu wana wakwe ng'ambo, leteni muswada wa kurekebisha kifungu cha 11. Badala ya mwanamke aliyeolewa na raia, wekeni mwenzi wa raia. Wekeni miaka ya kusubiri mnayoona inafaa. Wajane walindwe. Na katika kipindi cha kusubiri, mwenzi wa raia aruhusiwe kufanya kazi na kumsaidia mwenzake biashara bila kufungwa kwa mwajiri mmoja. Wewe msomaji uliye na dada, binti au shangazi mwenye mume wa nje, mwandikie mbunge wako barua, itaje ndoa hiyo, na umtake jibu la maandishi.